Mlango wa Mzee Mwikwabe

"Shusha hizo nyasi! Nimesema shusha!"

"Mokami, mvua hiyo inakuja."

"Ije. Ilipokuja ile nyingine ulikuwa wapi?"

Machage akasimama juu ya ngazi, fungu la nyasi begani. Chini, wanawake waliokuwa wakikandika ukuta wakasimamisha mikono ili wasikie vizuri.

Jibu kila mtu pale kijijini Bomani alilijua. Masika ya mwaka juzi, mama yake Mokami, Robi, alifiwa na mume, kisha akafukuzwa na shemeji zake kwa kuwa alikataa kurithiwa. Mama na binti wakaenda kuomba hifadhi kwa Mzee Mwikwabe, baba yake Machage, maana Machage alikuwa mchumba wa Mokami. Mzee aliwatazama wakitiririka maji, akasema nyumba yake si zizi la wajane, akafunga mlango. Machage alikuwa ndani, ameketi kando ya moto. Hakusema neno. Robi akalala mvuani, akapata kichomi, na tangu hapo kifua chake hulia kama filimbi.

Ndipo Mokami akaanza kuzunguka akiomba ijengwe nyumba ya wanawake wasio na pa kulala. Watu wa Nyanungu walileta miti. Akina mama wa kanisa walibeba maji na udongo. Mwenye duka mmoja alitoa misumari. Mokami aliweka sharti moja tu: boma la Mzee Mwikwabe lisilete hata unyasi.

"Nilikosa," Machage alisema akishuka. "Nimekuja kwa miguu yangu kusema hivyo."

"Mura, kijana wangu," akadakia Waisiko, jirani mwenye ulimi mkali, "miguu hiyo siku ile ulikuwa nayo, au imeota juzi?"

Wanawake wakacheka. Machage, katika shati jeupe lililopauka na kaptula ya kaki, aliinamisha kichwa. Mokami alikuwa na matope hadi viwikoni, gauni lake la maua ya manjano limefungwa kiunoni. Moyo ulimwenda mbio alipomwona karibu, na hilo likamuudhi zaidi.

"Umekuja kunioa?"

"Nimekuja kuezeka. Kuoa utaamua wewe."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Baba amesema nikikuoa hanipi hata ndama."

"Basi umekuja na nini, mwanamume?"

"Njoo uone."

Nyuma ya rundo la nyasi ulikuwa umelazwa mlango wa mbao nene. Mokami aliutambua mara moja. Lile jicho la mti katikati ndilo alilokuwa akilikodolea macho huku akibisha hodi siku ile kwa Mzee Mwikwabe.

"Umeuiba?"

"Nimeung'oa. Baba yuko kwenye pombe. Leo naye atajua upepo unaingiaje."

Mokami akacheka, cheko kali lisilo na huruma hata chembe. Kisha akampiga Machage kifuani kwa kiganja cha matope, alama ikabaki kwenye shati.

"Ungeung'oa mwaka juzi, mpumbavu wangu."

"Najua, mpenzi. Mwaka juzi nilikuwa mwoga."

"Panda basi. Malizia kilele. Mimi nashika ngazi, na nikitaka nitaiachia."

Hakuiachia. Paa likafungwa, mlango ukapigiliwa, na matone ya kwanza yalipoanguka Robi aliingizwa ndani akiwa amefunikwa blanketi. Waisiko akawasha moto.

Mvua ilikuwa imekolea Mzee Mwikwabe alipotokea, fimbo mkononi, kofia imelowa na kumwangukia masikioni.

"Shikamoo, baba," Mokami alisema kutoka mlangoni. Adabu ni adabu.

"Mlango wangu!"

"Ndio huu."

"Nyumbani kwangu maji yamejaa hadi kitandani! Nipishe, niingie, baridi itaniua!"

Ndani Robi akakohoa, kile kikohozi kirefu. "Nani huyo?"

"Mwenye mlango, mama. Anataka kuingia."

Robi alivuta blanketi juu ya kifua chake, akageukia moto.

Mokami akamtazama Machage, aliyekuwa ameketi tena kando ya moto.

"Na leo?"

Machage akainuka. Akasimama kando yake, bega kwa bega, akamtazama baba yake usoni.

"Mwanangu," mzee alisema.

"Nyumba hii ni ya wajane, baba," Mokami akamjibu. "Wewe unayo ya kwako."

Wakausukuma mlango pamoja, na Machage akatia komeo.