Chakula cha Atta Kakra

Kila Jumamosi jioni, kabla chakula hakijatengwa, simu iliita kutoka Kumasi. Mpigaji alikuwa Nana Konadu, bibi yake Serwaa, mzaa baba. Nana hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza afya, akauliza shule, kisha akaingia pale alipokuwa akielekea tangu mwanzo.

"Umemwona mwanangu leo?"

"Nimemwona, Nana. Nimefuta vumbi kwenye picha, nikabadilisha maji ya maua."

"Maua gani leo?"

"Meupe."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Wewe ndiye miguu yangu huko."

Mwana huyo aliyeuliziwa kila wiki alikuwa marehemu. Aliitwa Atta Kakra, pacha wa baba yake Serwaa. Baba mwenyewe aliitwa Atta Panin. Tungesema kwa lugha yetu kwamba Panin ndiye Kurwa na Kakra ndiye Doto. Walihamia Modena, mji wa Waitaliano, wakiwa vijana, wakafanya kazi kiwanda kimoja cha vigae, na wenzao hawakuweza kuwatofautisha. Asubuhi moja ya ukungu Kakra alikuwa kwenye baiskeli akienda zamu, lori likamgonga. Serwaa wakati huo alikuwa bado anatambaa. Nywele na kucha za marehemu zilipelekwa Kumasi zikazikwa kwa heshima, kama ilivyo desturi yao mtu akifia ugenini. Mwili ukazikwa palepale Modena, na juu ya kaburi ikawekwa picha yake iliyochapwa kwenye kigae.

Baba hakuwa akienda kaburini. Alikwenda mara moja tu, akarudi rangi imemtoka. "Ile picha ni uso wangu," alimwambia mkewe. "Nikisimama pale naliona kaburi langu mwenyewe." Mama, aliyeitwa Dufie, alimhudumia bibi mmoja mgonjwa wa Kiitaliano kila Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Basi Serwaa alipofikia umri wa kupanda basi peke yake, kazi ya maua ikawa yake.

Mwaka wa kwanza alikwenda kweli, tusimwonee. Lakini Pasaka ilipopita, mazoezi ya mpira wa wavu yakahamishiwa Jumamosi, na Serwaa alikuwa mpigaji hodari. Jumamosi moja akajiambia atakwenda kaburini kesho yake. Kesho yake hakwenda. Jioni Nana alipouliza, uongo ule wa kwanza ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wa pili ukapita bila shida. Kufikia kiangazi alikuwa fundi kabisa. Alimsimulia Nana habari za ndege mdogo mwenye kifua chekundu ambaye eti kila Jumamosi hutua juu ya jiwe la kaburi na kulia. Nana alimpenda sana ndege huyo, akawasimulia hata wenzake kanisani.

Uongo ukikaa mbali na anayedanganywa hauna kishindo. Lakini Desemba ile Nana akapata viza, na akaja.

Alifika na ukungu. Alitelemka garini akiwa amejifunga mashuka mawili juu ya koti, akamshika Panin mashavu kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu. Akasema taratibu, "Kakra." Hakuna aliyemsahihisha. Baba aligeukia masanduku akawa anayabeba.

Ndani ya sanduku kubwa, chini ya nguo, Nana alikuwa amefungasha viazi vikuu vilivyoviringishwa kwenye magazeti, na chupa ya mawese. Mama alicheka. "Mama, hata hapa viazi vikuu vinauzwa. Na Krismasi nimeshawaambia watu tutakula tortellini za mchuzi, zile tambi za kujazwa nyama, mimi na jirani tumezikunja wenyewe, mtadondokwa mate."

"Hizo tortellini zenu nitakula," Nana alisema. "Lakini kwanza nitapika eto. Nyie mmesahau kwamba nilizaa mapacha?"

Eto ni viazi vikuu vilivyopondwa na mawese, vikapambwa mayai ya kuchemsha. Ni chakula chao cha mapacha, na mwiko wake ni mmoja: pacha mmoja hali peke yake. Nana alieleza mpango wake kana kwamba anaeleza ratiba ya misa. Siku ya Krismasi angepika sahani mbili. Moja ya Panin, na nyingine angeibeba kwa mikono yake ampelekee Kakra pale alipolala.

"Tangu afe nimekuwa nikimpikia Panin tu kwa mawazo," alisema. "Nusu ya chakula inanikaa rohoni. Nimepanda ndege kwa ajili ya sahani hiyo." Kisha akamgeukia Serwaa akitabasamu. "Na yule ndege wetu, bado anakuja na baridi hii?"

"Anakuja," Serwaa alisema.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa tena nyumba kwa Serwaa. Ukungu ulilala madirishani mchana kutwa, taa zikawaka tangu adhuhuri. Nana aliweka kiti kimoja cha ziada mezani, asikikalie mtu. Kila baba alipoinua uso kutoka kwenye sahani, Serwaa aliiona ile picha ya kaburini ikimtazama, ikitafuna, ikiuliza kama kuna chumvi. Akawa hali vizuri. Mama akamgusa paji la uso akasema hana homa.

Siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi aliaga kwamba anakwenda kwa rafiki yake Noemi, akapanda basi la makaburini. Alibeba brashi, kitambaa na maua meupe. Alijiambia kwamba akisugua vizuri, akaweka maua mapya, mambo yatakwisha na hakuna atakayejua.

Ndani ya lango ukungu ulikuwa mzito, akaona hatua chache tu mbele. Alipita bomba la maji, akapita ukuta wenye majina, akakata kushoto penye miti mirefu, njia aliyoijua. Akafika, akasimama. Hapakuwa na kaburi. Hapakuwa na la Kakra, wala la jirani yake, wala la yule bibi wa mbele mwenye malaika wa jiwe. Safu zote zilikuwa zimeondoka. Palibaki udongo mtupu uliosawazishwa, mweusi, wenye alama za magurudumu.

Serwaa alirudi bombani akaanza upya, labda amepotea. Akafika palepale. Akaita kwa sauti ndogo, "Baba mdogo?" Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Aliacha brashi na maua hapo chini, akakimbia mpaka kituo cha basi, na njia nzima alihisi kuna mtu anamfuata nyuma, mtu mwenye uso wa baba yake, asiyekuwa na mahali pa kwenda.

Asubuhi ya mkesha alimkuta Nana jikoni akiponda viazi vikuu. Baba alikuwa anakunywa kahawa, kiwanda kimefungwa kwa sikukuu. Mama alikuwa anamenya mayai.

"Nilisema nitapika kesho," Nana alisema bila kuinua kichwa, "lakini nimemwota mwanangu. Amesimama mlangoni, ana udongo magotini. Ananiambia, 'Mama, wamenihamisha kitanda.' Sijui maana yake. Nimeona nisingoje kesho."

Yai lilimponyoka mama. Serwaa alishika ukingo wa meza. Alijua kwamba asiposema sasa, baada ya saa moja watakuwa wote wamesimama juu ya ule udongo mweusi, Nana na sahani mkononi, akitafuta.

"Nana, hayupo," alisema. "Nimekwenda jana. Wameliondoa kaburi."

"Nani kaliondoa?" baba aliuliza. "Unasema nini wewe? Nani anafukua wafu?"

"Sijui. Safu yote haipo. Sijakwenda tangu Pasaka, Baba. Jumamosi zote nilikuwa kwenye mpira. Maua, maji, ndege, yote nilitunga. Hakuna ndege." Akaanza kulia.

Baba alisimama, kiti kikaanguka. "Tangu Pasaka? Kila Jumamosi unaongea na mama yangu kwenye simu, mimi nimekaa hapa nakusikia, tangu Pasaka?"

"Panin," Nana alisema, "kaa."

Aliendelea kuponda. Aliponda mpaka viazi vikalainika, akamimina mawese, akakoroga, akagawa sahani mbili, akapanga mayai juu ya kila moja, akazifunga kwa vitambaa. Ndipo akanawa mikono.

"Vaeni makoti," alisema. "Na wewe Panin. Leo hukai nyumbani."

Ofisi ya makaburi ilikuwa ikifungwa mchana. Msimamizi, mzee mmoja aliyeitwa Gualtiero, alikuwa ameshavaa kofia yake aondoke. Ilimbidi Serwaa atafsiri, maana Kiitaliano cha baba kilikuwa cha kiwandani na cha Nana hakikuwepo. Alitafsiri kila neno, hata yale yaliyomchoma.

"Mwambie bibi yako," Gualtiero alisema, "kwamba hapa kwetu mtu hapewi udongo wa moja kwa moja. Anaazimwa miaka kumi. Ikitimia, mifupa hutolewa ikahifadhiwa, na mahali hupewa mwingine. Ndivyo tulivyowafanyia hata wazazi wangu. Tangu majira ya kuchipua tulichomeka kijibao cha njano kwenye kila kaburi la safu ile, tukabandika na langoni. Kilikaa mpaka Novemba. Wengine wote wamekuja. Ninyi ndio hamkuja."

Serwaa alitafsiri mpaka hapo kwenye kijibao cha njano, akashindwa. Angekwenda Jumamosi moja tu, moja, angekiona. Baba alielewa bila tafsiri, akaangalia sakafu.

"Muulize," Nana alisema. "Mwanangu amemwagwa wapi?"

"Hajamwagwa," Gualtiero alisema aliposikia swali. "Wasio na wa kuwadai wanakaa chumbani mwangu mpaka sikukuu ziishe. Baada ya hapo huchanganywa na wengine, na hapo hata mimi siwezi kumtenganisha. Bado yupo. Njooni."

Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, chenye baridi, na rafu pande zote. Gualtiero alisoma majina taratibu, akashusha sanduku la bati, akaliweka juu ya meza. Lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima. Juu yake alikuwa ameifunga kwa kamba ile picha ya kigae, isivunjike.

Baba alitazama picha. Uso ulikuwa wake, ila wa kijana. Yeye alikuwa ameota mvi, na pacha wake hakuwa nayo hata moja. Akaigusa kwa kidole, kisha akalia kwa sauti, mwanaume mzima, bila kujificha.

"Nilimtuma mtoto mahali nilipoogopa kwenda mwenyewe," alisema. "Mama, nisamehe. Si Serwaa peke yake."

Nana alikaa kwenye kiti cha msimamizi, akaomba awekewe sanduku mapajani. Akalikumbatia. "Alizaliwa ana urefu huuhuu," alisema. "Panin alitoka kwanza, huyu akachelewa. Daima alikuwa wa kungojwa." Aliliimbia kitu kwa sauti ya chini, na Gualtiero akatoka nje akarudishia mlango.

Zilipofunguliwa sahani, Nana aliweka moja juu ya rafu, pale sanduku lilipokuwa. Nyingine akampa baba. Baba alikula amesimama, machozi yakimdondokea, akala mpaka akamaliza. Mapacha wakawa wamekula.

Walikubaliana na Gualtiero pale mlangoni kwamba sikukuu zikiisha watakuja kumweka Kakra katika shubaka la ukutani, lenye jina lake, mahali ambapo hatahamishwa upesi. Baba aliandika jina lake mwenyewe kuwa ndiye wa kuitwa. Ndipo Nana akamwita Serwaa, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama mgeni.

"Nikuulize swali moja," Nana alisema. "Kama nisingekuja Krismasi hii, ungetwambia lini?"

Serwaa alifungua mdomo. Jibu zuri lilikuwa tayari ulimini, tamu, kama majibu yote ya kwenye simu. Akalimeza.

"Nisingesema, Nana. Ningeendelea mpaka mwisho."

"Hilo linauma," Nana alisema, "lakini ni lako, hukulitunga. Nipe mkono."

Mkono wa Nana ulikuwa wa baridi kutokana na bati. "Wahenga wetu wana neno: mficha maradhi, kilio humuumbua. Nisikilize. Siku ile ya kwanza ulipokosa kwenda hukunikosea kitu. Mtoto anacheza, mtoto anasahau. Ungeniambia, 'Nana, leo sikwenda,' ningekugombeza kidogo, nikamtuma baba yako, naye angekiona kile kijibao. Ulipodanganya ulinifumba macho, ukanifunga na mikono, na mimi ndiye niliyekuwa na haja ya kumtafuta mwanangu. Uongo hufanya hivyo hata ukiwa mtamu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Nana."

"Basi kazi ya maua bado ni yako, mwende wawili na baba yako. Wiki msiyokwenda, uniambie hamkwenda. Mimi ni mzee, ila ukweli bado naweza kuubeba."

Serwaa aliangua kilio tena. Nana akamvuta, akamkalisha pembeni yake kwenye kile kiti kimoja, sanduku likiwa juu ya mapaja yao wote wawili, wakakaa hivyo mpaka Gualtiero alipobisha hodi kusema kwamba anasikitika, lakini inabidi afunge.