Hodi ya Tatu

Rafiki yangu Nizar, anayekaa Madungu, mjini Chake Chake, alinieleza haya wiki ya kampeni za uchaguzi, na hajabadilisha neno tangu siku ile.

Alasiri hiyo mkewe alikwenda Wesha kununua samaki. Nizar alibaki na binti yao Ghada, aliyelala chumbani na homa. Mvua ilinyesha, umeme ulikatika, nyumba ikawa giza. Akafungua mchezo kwenye simu, acheze na binamu yake Hamzah aliyeko Wesha. Katika mchezo huo Hamzah ndiye mnyonya damu: hutembea bila kuonekana, na msakaji, yaani Nizar, huona nyayo zake tu kwenye ramani. Ramani hiyo, ya Chake Chake yao, waliichora wenyewe. Kanuni moja pia waliiongeza wenyewe: mnyonya damu haingii nyumba mpaka akaribishwe.

Nyayo zilitoka Wesha, zikapanda barabara, zikafika Madungu.

"Hodi," mtu aliita mlangoni. Macho ya Nizar yalikuwa kwenye ramani. Ikaja hodi ya pili. Ya tatu akaijibu bila kuinua kichwa, kama tunavyojibu sote.

"Karibu, pita ndani."

Mlango haukufunguka. Kwenye ramani nyayo zilikoma ndani ya nyumba yake.

Simu ikalia. Alikuwa Hamzah, kwa namba ya mama yake.

"Bwana, usinisubiri. Simu yangu imezima tangu adhuhuri."

"Basi nacheza na nani?"

"Mie sijui. Labda wajisaka mwenyewe," Hamzah akacheka.

Chumbani, kamba za kitanda cha Ghada zililia taratibu, kama zinavyolia mtu mzima anapokaa.