Mita Sabini na Mbili

Jua lilikuwa linazama kijijini Oldonyo Sambu, Gadiel alipofungua kifuniko cha kisima kirefu. Alitaka kupima tena kabla giza halijaingia. Kazi yenyewe haina makuu: unashusha chuma kwa waya, nacho kinapitisha umeme kwenye mwamba. Penye maji, sindano ya mita hupanda. Pakavu, hulala.

Namnyaki alisimama pembeni na ndoo tupu.

"Umefuata nini, shemeji? Si mlisema pakavu?"

"Nimekuja kusahihisha."

"Basi kasahihishe na kaburi."

Gadiel aliinamia mita yake. Mwaka juzi, serikali ilipopunguza wafanyakazi, kampuni mpya ya kuchimba visima ilimwokota. Bosi alitaka mtambo uhamie haraka kwenye shamba la maua la mwekezaji. Hapa sindano ilipanda vizuri, kwenye kina cha mita sabini na mbili. Lakini Gadiel alimwamuru Sakaya, mume wa Namnyaki, aandike "kavu". Sakaya ndiye aliyeshika karatasi. Gadiel akitaja kipimo, yeye hukirudia na kusema, "Nimeandika."

Baadaye Sakaya aliwaambia wanakijiji kwamba maji yapo. Nani amsikilize? Karatasi ilikuwa na muhuri. Akachukua sururu, akachimba kisima chake peke yake. Udongo ukamfunika.

Gadiel alianza kushusha waya.

"Arobaini," alisema, kwa mazoea tu.

"Arobaini. Nimeandika."

Sauti ilitoka shimoni.

Gadiel akasimamisha waya. Harufu ya udongo uliofukuliwa ikapanda... mbichi, nzito. Ndoo ilimponyoka Namnyaki.

"Endelea," alinong'ona. "Anakusubiri."

"Sitini..."

"Sitini. Nimeandika."

Kisha waya ukalegea, kana kwamba mtu amekipokea chuma kiganjani.

"Sabini na mbili," Gadiel alisema kwa sauti ya kilio. "Sakaya, ndugu yangu... andika maji."

Sindano ilitetemeka. Ikapanda kidogo.

Ikalala.

"Kavu. Nimeandika."

Gadiel akavuta waya mbio mbio. Chuma kilitoka na vumbi, na juu ya vumbi alama za vidole vitano. Namnyaki aliokota jiwe, akalitupa shimoni. Wakasikiliza.

Halikutua.

"Umetunyima mara mbili," Namnyaki alimwambia Gadiel. Akachukua ndoo yake, akashika njia ya mtoni, mwendo wa saa mbili.

Mpaka leo, nyumbani kwake Ngarenaro, Gadiel hunywa jagi zima la maji bila kupumzika. Akimaliza, ulimi wake una vumbi.