Mke wa Dunia ya Pili

Rafiki yangu mchora katuni ana shujaa anayeishi katika dunia mbili: katika moja mkewe amekufa, katika nyingine yu hai. Baada ya msiba wangu aliniomba nimruhusu ampe mke huyo sura ya marehemu mke wangu. Nilikubali, nipate kumwona akicheka mahali fulani.

Juzi alifuata nakala za kwanza kwa mpiga chapa. Umeme ukakatika, lakini gizani mashine ikaendelea kudondosha karatasi, pwa, pwa.

Taa ziliporudi, rafiki yangu aliokota ukurasa mmoja, akauliza, “Shemeji nilimchora anacheka. Nani kambadilisha?”

“Mchoraji si wewe, kaka? Mimi napiga chapa tu.”

Ukurasa huo ninao. Katika dunia ya pili mke wangu amevaa nguo nyeusi za mjane, anakunja shati hili nililovaa. Nililinunua baada ya kumzika.