Timu Yetu na Watu wa Ng'ambo ya Mto

Sisi ni watengenezaji wa tofu, jibini laini la soya, katika mji wa Orisaka. Soya tunailoweka jioni. Alfajiri tunaisaga, tunaichemsha na kuigandisha. Jua likichomoza, wateja wako mlangoni na vyombo vyao. Kazi hiyo mume wangu Tsuneo Arimura anaifanya kwa mikono tu. Moyo wake uko kwenye timu ya mpira ya Orisaka.

Tsuneo ndiye kiongozi wa wapiga ngoma nyuma ya goli. Siku ya mechi husahau hata kwamba ana mke. Na pale nyuma ya goli aliweka sheria yake. Mtu mgeni akija, Tsuneo anamuuliza, "Wewe mwenyeji wa wapi?" Akisema Orisaka, anapewa nafasi. Akisema Tobara, anaonyeshwa kwa kidole upande wa mbali, kule kwenye jua kali.

Tobara ni mji wa ng'ambo ya mto. Ukivuka daraja umefika. Lakini babu zetu na babu zao waligombea maji ya mashamba ya mpunga. Kisha baba zetu wakagonganisha magari ya ngoma, yale ya mbao yanayovutwa kwa kamba, katika sherehe ya mavuno, na gari letu ndilo lililovunjika. Basi mtu wa Orisaka anaweza kumsamehe mwizi, lakini mtu wa Tobara hamsamehi. Ndivyo tulivyolelewa.

Siku moja mwenyekiti wa klabu alituita kwenye ukumbi wa mji. Nilidhani anataka kututambulisha kwa kocha mpya. Nilibeba hata vitafunio.

Mwenyekiti aliinama mbele yetu, akabaki ameinama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nusu ya viti vyetu ni vitupu. Wadhamini wanaondoka. Hali ikibaki hivi hadi mwisho wa msimu, mwakani timu itahamia Minasaki."

Nilishtuka, vitafunio vikaniponyoka. Minasaki ni jiji kubwa la pwani, mwendo wa saa mbili kwa treni. Timu yetu iende huko? Jina letu lifutwe kwenye jezi? Siku ile Tsuneo hakula, na huyu ni mtu aliyekula hata siku ya mazishi ya mama yake.

Kesho yake alivaa viatu mapema.

"Mama Natsuki, naenda kuwaamsha watu."

"Watu gani?"

"Watu wa Orisaka. Tuko elfu sabini. Uwanja una viti elfu kumi na tano tu. Tutashindwaje kuujaza?"

Alipita nyumba kwa nyumba. Nyumba moja alimkuta bibi kizee aliyesema atakuja akipatikana mtu wa kumbeba. Nyumba ya pili ilikuwa imefungwa, majani yamefika dirishani. Nyumba ya tatu mwenyewe alicheka. "Bwana Arimura, mimi mbona nakuja kila mechi? Nakaa nyuma yako. Tatizo lako hugeuki."

Mechi iliyofuata ikafika. Viti vilikuwa vitupu vilevile. Tsuneo alipigwa na butwaa. Alisimama na fimbo za ngoma mkononi kana kwamba amesahau kazi yake.

Jirani yetu Chinami anafanya kazi katika ofisi ya tiketi ya klabu. Jioni ile alikuja kununua tofu. Tsuneo hakumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Chinami mwanangu, hebu nieleze. Watu elfu sabini wameenda wapi?"

"Mzee, katika hao elfu sabini, umewatoa wagonjwa? Umewatoa vikongwe? Umewatoa wasiopenda mpira?"

"Sijawatoa."

"Natsuki wako yuko wapi?"

"Yuko Tokyo. Kazini."

"Na watoto wa wenzako wako hukohuko. Idadi ya watu wa mji si idadi ya watazamaji, mzee."

Tsuneo aliinamisha kichwa. "Basi Minasaki wametuweza. Wale ni milioni moja."

"Wingi wa watu ni nguvu, sikudanganyi," Chinami alisema. "Watu wakiwa wengi, tiketi zinanunuliwa na jezi zinanunuliwa. Kampuni nayo ikitaka kuweka jina lake kifuani mwa wachezaji, inauliza kwanza, litaonwa na watu wangapi? Hilo ndilo soko la timu. Ni watu wote wanaoweza kuifuata timu na kuitolea chochote. Lakini soko na mji si kitu kimoja. Mama Natsuki, niazime kisu."

Nikampa. Akachukua tofu kubwa kuliko zote mezani.

"Hii ni Minasaki. Mnaiona ukubwa wake?" Akaanza kuikata. "Kipande hiki kimeshachukuliwa na timu yao ya besiboli. Hiki ni cha timu ya mpira waliyonayo tayari. Hiki ni cha mpira wa kikapu. Hawa hapa Jumamosi wanakwenda baharini na kwenye sinema, mpira hauwahusu. Kilichobaki ndicho tutakachokigombea, tena tukiwa wageni."

Kilichobaki kilikuwa kama kiberiti. Nilikodoa macho. Sikukumbuka hata kumwambia kwamba tofu ile ilikuwa ya kuuza.

Akachukua kipande kidogo. "Hii ni Orisaka. Ni ndogo, lakini hakuna timu nyingine inayoimega." Akapanga vipande vingine kando yake. "Hii ni Tobara, watu elfu tisini. Hii ni miji mitatu ya bondeni. Wote hawa wanafika uwanjani kwa treni ndani ya saa moja, na wanarudi kulala kwao. Ukiwajumlisha na sisi, tunakaribia laki nne. Na hakuna mji hata mmoja kati ya hiyo wenye timu."

"Laki nne?" Tsuneo aliuliza. "Mbona hawaji?"

Chinami alipangusa kisu polepole. "Mzee, nisikuvunjie heshima."

"Sema."

"Walikuja. Ukawaonyesha kidole. Watu wa Tobara hunipigia simu kuuliza kama wataruhusiwa kukaa nyuma ya goli. Wengine wamechoka kuuliza. Sasa wanapanda treni hadi Minasaki kushangilia timu ya kule. Reli inapita mbele ya uwanja wetu. Wanauona dirishani, wanaupita."

Tsuneo alikaa juu ya ndoo. "Wanaupita," alisema.

"Mji mdogo ukijifungia, soko lake linakuwa dogo kama mji wenyewe," Chinami alisema. "Ukikaribisha majirani, soko linakua bila hata mtoto mmoja kuzaliwa."

Jumapili Tsuneo alivaa suti nyeusi. Nilifuatana naye, kwa sababu namjua, angeishia katikati ya daraja. Tulikwenda kwa Iwao Tsubouchi, fundi baiskeli, kiongozi wa ngoma za Tobara. Alikuwa ameshika gurudumu.

"Arimura? Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi mto umekauka."

Tsuneo alipiga magoti sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. "Nimewakosea. Njooni kwenye timu yetu."

"Yenu."

"Yetu sote."

Iwao alijikuna kidevu. "Lile gari lenu tulilolivunja. Bado linakuuma?"

"Sana."

"Afadhali. Ungekataa ningejua unanidanganya na hayo mengine." Akaweka gurudumu chini. "Tutakuja. Lakini tunakuja na ngoma zetu, na tutapiga mdundo wa Tobara."

Mdundo ule kwetu ni kama tusi. Siku ya mavuno ukisikika kutoka ng'ambo, wazee wetu hufunga madirisha. Uso wa Tsuneo ulibadilika rangi. Nikamfinya mgongoni.

"Kipindi cha kwanza mdundo wetu," alisema. "Cha pili wenu."

"Cha kwanza wetu. Mgeni hutangulizwa."

Tsuneo alijipangusa vumbi kwenye paji la uso. "Haya. Tangulieni."

Sikuamini masikio yangu. Miaka yote ya ndoa, mtu huyu hajawahi kunipisha hata mimi mlangoni.

Chinami naye hakulala. Klabu ilianza kuipa kila mechi mji wake. Siku ya Tobara, wakulima wao waliuza matikiti yao langoni. Siku ya miji ya bondeni, watoto wao waliingia uwanjani wameshikana mikono na wachezaji. Saa za mechi zilisogezwa ili watu wawahi treni ya kurudi. Majina ya miji yote mitano yaliandikwa kwenye bendera. Kisha kiwanda kimoja cha Tobara kikaja chenyewe kuomba kuweka jina lake kwenye jezi.

Siku ile ya kwanza ya Tobara nilikuwa nakaanga tofu nje ya uwanja. Niligeuka kutazama darajani, nikaacha mafuta yaungue. Watu walikuwa wamejaa daraja zima, ngoma mbele. Mdundo wao ulipoanza, wazee wetu walitazamana kwa mshtuko. Hakuna aliyeondoka. Dakika chache baadaye nilimwona mmoja wao anatikisa mguu.

Mwisho wa msimu mwenyekiti alituita tena ukumbini. Safari hii hapakuwa na nafasi ya kukaa, na Tobara walikuwa wengi kuliko sisi. "Timu haiendi popote," alisema. Tsuneo na Iwao walilia wamepeana migongo, kila mmoja asionwe na mwenzake.

Mwaka huu, mechi ya kwanza, Tsuneo alichelewa kidogo. Nyuma ya goli alikuta pamejaa pomoni. Alizunguka uwanja mzima akitafuta kiti, akakosa. Alitazama mechi amesimama ngazini, akinung'unika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba watu wamezidi. Nami nilimwacha anung'unike.