Upande wa Pili wa Meza

Kosa lilikuwa dogo tu: fundi alisema "shika hapo" bila kuinua macho.

Alikuwa amepiga magoti stoo, penseli sikioni, anajitengenezea meza ya kazi ili aache kurekebisha viti vya watu sakafuni huku kiuno kikimwaka moto. Ubao wa juu ulikuwa mrefu, ukipigwa msumari huku unaruka kule, na kawaida yake humwita mkewe. Akisema shika, mke anashika. Akisema achia, mke anarudi kwenye shughuli zake. Siku hiyo alisema shika, ubao ukatulia tuli, akapigilia misumari yote huku anapiga mluzi.

"Leo umeshika kama mtu," akasema. "Siku nyingine unashika ubao kama umeshika nyoka."

Mkewe akamjibu kutoka nje, bombani, ndoo ikiendelea kujaa.

"Nimeshika nini, baba Kibonge? Mimi humo nimeingia saa ngapi?"

Fundi akacheka. Kisha akaangalia upande wa pili wa meza, akaacha kucheka.

Tangu hapo stoo ikashika harufu ya nywele zilizoungua, hata dirisha likiwa wazi. Akipiga msasa upande wake, msasa mwingine ulisikika upande ule, taratibu, unamfuatisha. Akisimamisha mkono, ule ulikwaruza mara moja zaidi ndipo ukanyamaza.

"Unasikia?" mkewe alinong'ona mlangoni.

"Nasikia."

"Basi toka humo."

"Viti vya watu vimo humu, mama."

"Na mtoto je? Ndiyo kwanza anajifunza kutembea, hatua mbili anaanguka, siku moja nitakuwa jikoni ataingia humo, halafu utaniambia nini?"

Fundi akampigia simu shangazi yake, mwanamke ambaye watu humwendea wakisumbuliwa na majini. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishamwambia aachie?"

"Bado."

"Basi msiguse kitu. Nakuja."

Lakini mama Kibonge hakuweza kungoja. Kila msasa ulipokwaruza, mtoto alikuwa anageuza shingo kuelekea stoo na kutabasamu, na moyo wa mama ukamwambia meza itoke, itoke ikachomwe, shangazi atakuta majivu. Wakamwacha Kibonge kwenye mkeka sebuleni. Fundi akainua meza upande mmoja ili aiburute, na upande wa pili nao ukainuka.

Ukainuka sawasawa na wake, bila kuyumba, fundi akaanza kurudi nyuma kwa sababu meza ilikuwa inamfuata, wakapita mlangoni pembe zisiguse fremu, kama watu wawili waliozoea kubeba vitu pamoja, mpaka uani, na pale alipotaka kuitua, upande wa pili ukakataa kushuka, jasho likamwingia machoni, harufu ya nywele zilizoungua ikawajaa kooni, na mkewe, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, akasema, "Achia."

Meza ikaanguka. Mguu mmoja ukavunjika.

Harufu ikapotea hapo hapo. Wakatazamana, mama Kibonge akaanza kucheka huku analia, na shangazi akawakuta hivyo, anahema, mkoba begani.

"Nani kamwambia aachie?"

"Mimi, shangazi. Ameondoka."

"Ameondoka aende wapi, mwanangu? Mikono yake ilikuwa na kazi. Sasa haina." Akatupa macho huku na huku. "Mtoto yuko wapi?"

Kibonge alikuwa anakuja kwenye korido. Alitembea vizuri, hatua baada ya hatua, hata hakuyumba, mkono mmoja umenyooka juu ya kichwa, vidole vimekunjwa, anaangalia juu na kuchekelea kama anayesimuliwa kitu kitamu. Mama yake akamrukia, akamkumbatia kiunoni, akamvuta. Kiuno kikaja. Mkono haukuja.

"Achia," akasema, akipiga magoti. "Achia, nakuomba, achia."

Kibonge, akidhani anaambiwa yeye, akafungua vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikawa wazi.

Mkono ukabaki juu.