Agripina na Mpaka wa Isunja

Agripina alifagia uwanja, akanywa uji wa uwele, kisha akashika jembe. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na shamba la ekari mbili. Mwaka jana alilipumzisha. Mwaka huu alitaka kupanda alizeti, na mvua zilikuwa karibu.

Kabla hajaanza kulima, jirani yake Gaspari akaja mbio mbio. Alimwambia kwamba Jumamosi mkutano wa kijiji ungetenga eneo la malisho, na shamba lile limeandikwa kuwa halina mwenyewe. Agripina alicheka. Halafu akaona Gaspari hacheki.

Kosa lilianza miaka miwili nyuma. Watu wa Isunja walikuwa wameongezeka, kijiji kikagawanywa. Upande wa juu wa korongo ukawa kijiji kipya, Isunja Juu. Waandikishaji walipopita wakiuliza kila mtu anaishi kijiji gani, Agripina alijibu bila kusita: Isunja. Katika ukoo wao, nyumbani ni pale ng'ombe wanapolala, na ng'ombe wake sita walilala zizini kwa shemeji yake Hezekia, ng'ambo ya korongo. Lakini nyumba na shamba vilikuwa Isunja Juu. Mikutano ya huko hakwenda hata siku moja. Aliiona ni ya watu wengine.

Roho ilimuuma. Shamba lile ndilo lililowalisha watoto wake tangu mumewe afariki.

"Silitoi," alimwambia Gaspari. Akaliweka jembe ndani, akashika njia ya ofisi ya kata.

Mtendaji wa kata, dada mmoja aitwaye Jesca, alimwamkia shikamoo na kumpa kiti. Akamchorea kwenye karatasi: vitongoji vinafanya kijiji, vijiji vinafanya kata, kata zinafanya tarafa, tarafa zinafanya wilaya, na wilaya zinafanya mkoa. Alieleza kwamba watu wakiongezeka, mipaka hubadilika. Hata wilaya ya Mkalama ilikatwa kutoka wilaya ya Iramba.

"Sasa mpaka ukihama, shamba langu linakwenda wapi?" Agripina aliuliza.

"Haliendi popote, mama. Haki yako iko palepale. Kinachokosekana ni jina lako kwenye daftari la Isunja Juu. Kajiandikishe, kisha uende mkutanoni ukaseme. Mkutano ule ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka kumi na minane."

Akamwambia pia atafute nakala ya muhtasari wa kikao kilichompa mumewe shamba. Mtendaji wa Isunja alimtaka arudi wiki ijayo. Agripina akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka kabati la nyaraka likafunguliwa, akapewa nakala.

Jumamosi alisimama mbele ya watu, nakala mkononi. Akasema shamba lile lina mwenyewe, naye ni yeye. Mwenyekiti, mzee Hosea, akamuuliza kwa utani kama zizi lake haliko ng'ambo ya korongo.

"Ng'ombe wanalala kwa shemeji," alijibu. "Mimi nalala hapa."

Watu walicheka, kisha majirani wakasimama mmoja mmoja kumtolea ushahidi. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la Isunja Juu. Nakala ilisomwa, na malisho yakatengwa kwingine.

Mvua ya kwanza ilikuta alizeti imeshapandwa. Mkutano uliofuata ulikuwa wa kujadili kugawa kitongoji chao. Hosea alipofika na funguo za ofisi, alimkuta Agripina ameshakaa mlangoni.